Motere inayokunywa mafuta

Ndugu shofere, kama kila asubuhi unaongeza mafuta ya motere, usiseme tu kwamba motere imezeeka. Tafuta yanapokwenda. Tazama kwanza chini ya gari: kama pamelowa, yanavuja. Kama ni pakavu, yanaungua ndani, na moshi wa buluu utakuonyesha.

Kwetu adui mkubwa ni vumbi. Wakati wa kiangazi barabara ya Baraka kwenda Fizi hutoa vumbi laini kama unga wa muhogo. Filtri ya hewa ikitoboka au ikifungwa vibaya (wengine huiondoa kabisa, eti gari ipate nguvu!), vumbi huingia katika silinda na kusaga pete za pistoni kama msasa. Ndipo mafuta hupanda juu na kuungua.

Pima mafuta kila siku kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali tambarare. Usipite alama ya juu. Mafuta yakizidi nayo huungua. Yakipunguka mno, motere hukwama katikati ya mlima, breki hupungukiwa nguvu, na kamio yenye watu juu ya mizigo inaweza kurudi nyuma.

Akina mama mnaopanda kamio kwenda sokoni, mkiona moshi wa buluu, mwambieni shofere. Yeye mbele pengine hauoni.