Andika, Futa, Rejesha

Simu yangu ilitokea dirishani, ndani ya matatu ya Kangemi, jioni moja foleni ikiwa imeganda kabla ya Museum Hill. Kijana aliyeinyakua alikuwa ameshavuka barabara kabla sijasimama. Laini niliifungisha kwa simu ya abiria mwenzangu, na M-Pesa haikuguswa. Lililoninyima usingizi ni jingine: katika picha zangu palikuwa na picha ya karatasi yenye maneno 12 ya pochi yangu ya kripto. Niliipiga nikidhani najikinga. Usiku huohuo nikaitoa karatasi yenyewe kabatini, nikairejesha pochi kwenye simu ya ndugu yangu, nikafungua nyingine mpya na kuhamishia huko kila kitu. Nilimtangulia mwizi. Tangu siku hiyo nimefuata utaratibu huu ninaokueleza.

Kwanza elewa kinachotunzwa. Sarafu hazimo simuni, wala hazimo ndani ya kile kifaa kidogo cha kutunzia ufunguo nje ya mtandao, kama cha Ledger au Trezor. Zimeandikwa kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani. Ulicho nacho wewe ni ufunguo wa kuidhinisha malipo, na maneno, kwa kawaida 12 au 24, unayopewa unapofungua pochi ndiyo mbegu ya ufunguo huo. Anayeyajua anazo pesa. Ukipoteza laini, unaenda dukani na kitambulisho, unarudishiwa namba na salio lako. Ukipoteza maneno haya, hakuna dirisha la kupangia foleni.

Kuwaachia wenye soko la kripto la mtandaoni wakutunzie kuna hatari yake. Mt. Gox ilianguka Februari 2014, FTX ikafuata Novemba 2022, na wateja wakabaki kuhesabu tarakimu zisizotoka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2025 kuhusu watoa huduma za mali pepe imewaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ni hatua njema, ila inamhusu anayekushikia. Ukijishikia mwenyewe, mlinzi ni wewe.

Je, una kiasi cha kukusumbua hivyo? Sarafu za shilingi 7,000 hivi, kama zile walizogawiwa watu waliopanga foleni KICC katikati ya mwaka 2023 ili wapigwe picha za mboni za macho, hazihitaji kifaa cha makumi ya dola. Ziache simuni kama pesa za matumizi. Akiba ya karo au ya kiwanja ndiyo inayostahili kutolewa mtandaoni.

Kifaa kinunue kwa mtengenezaji au wakala aliyemtaja mwenyewe. Usinunue kilichotumika, hata muuzaji wa Luthuli Avenue akuapie. Kikija na kadi ambayo tayari ina maneno, aliyeyaandika anangoja uweke pesa. Maneno halali huzaliwa kwenye skrini ya kifaa, mbele yako. Tumia anwani ya ofisi au sanduku la posta, si ya nyumbani Kileleshwa. Mwaka 2020 orodha ya wateja wa Ledger ilivuja, pamoja na anwani za nyumba za wengi, na mwaka uliofuata baadhi yao wakaletewa vifaa bandia kwa posta.

Sasa maneno. Yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio, kila neno na namba yake. Usiyapige picha, usijitumie kwa WhatsApp, na usiyapeleke saiba kutolewa nakala: mashine na kompyuta za watu huhifadhi zaidi ya unavyodhani.

Karatasi ni ya kuanzia tu. Soko la Toi limeungua zaidi ya mara moja, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia katika nyumba ambazo wenyewe hawakutarajia. Chuma hustahimili vyote viwili, lakini chagua chuma chenyewe. Aluminiamu, ile ya sufuria zetu, huyeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa nyumba huweza kupita hapo. Chuma kisichoshika kutu hufika takriban nyuzi 1,400. Nenda maduka ya hadwea ya Kirinyaga Road, nunua washa kubwa 24 za chuma hicho, bolti moja ndefu ya kuzishikilia pamoja, na seti ya vigongeo vya herufi na namba. Gonga mwenyewe. Fundi wa Kamukunji atazigonga vizuri kukushinda, lakini atayasoma maneno. Kazi ni ndogo kuliko inavyoonekana, kwa kuwa maneno haya 12 au 24 hutoka katika orodha moja ya maneno 2,048 iliyopangwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Kila washa ni namba na herufi zisizozidi nne. Nilimaliza kwa Jumamosi moja, vidole vikiuma.

Hapa ndipo wengi husimama, na ndipo ninapokusihi usisimame. Kabla ya kuweka akiba, tuma kiasi kidogo, tuseme cha shilingi 500. Kisha kifute kifaa makusudi. Ledger hujifuta ukikosea namba ya siri mara tatu. Sasa kirejeshe kwa kusoma washa zako tu, karatasi ikiwa chumba kingine. Zile 500 zikionekana, chuma chako kinasema kweli. Zisipoonekana, umegundua kosa kwa bei ya chakula cha mchana. Mimi niligundua nimebadilisha nafasi za neno la 9 na la 10.

Ukishathibitisha, gonga nakala ya pili, kisha uziweke mahali pawili. Wapangaji wa Nairobi tunahama mara kwa mara, na vitu vidogo hupotelea mkokotenini, kwa hiyo moja tu haitoshi. Moja yangu iko nyumbani, nyingine ushago, ndani ya sanduku la chuma lenye hati za shamba. Usiyagawe maneno nusu kwa nusu ukidhani umeongeza ulinzi: nusu moja ikipotea, zote zimepotea. Karatasi ya kwanza ichome. Na ukienda kukutana na mnunuzi wa sarafu usiyemjua mkahawani Kilimani, usitaje kifaa kabisa.

Linabaki swali la kifo. Pesa za benki au za M-Pesa zisipodaiwa hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, na familia inaweza kuzifuatilia huko kwa hati. Kripto yako hakuna wa kuifuatilia. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja, bila maneno yale, inayotaja kifaa ni kipi, washa ziko wapi, na kwamba yasiandikwe kwenye tovuti yoyote wala asisomewe yeyote anayepiga simu akijidai msaidizi. Dada yangu aliposhuka kutoka Kakamega Desemba, nilimpa kifaa cha ziada na washa za pochi ya majaribio. Akairejesha ile ya shilingi 500 mwenyewe, nami nikiwa jikoni. Kisha nikamwambia aifute, arudie.