Kipeo cha Namba e: Kukadiria Idadi ya Watu Karagwe na Kyerwa kwa Hifadhidata

Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, ilizaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa kwa Wilaya ya Karagwe. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Kwa kuwa sensa hufanyika kila baada ya miaka 10, wapangao madarasa na zahanati hulazimika kukadiria idadi ya miaka iliyo katikati.

Idadi ya watu hukua kama fedha iliyowekwa benki ambayo riba yake nayo huzaa riba. Kanuni yake ni hii:

P = A × e^(rt)

A ni idadi ya mwanzo, r ni kiwango cha ongezeko kwa mwaka, t ni miaka, na e ni namba isiyobadilika, takriban 2.71828.

Kati ya mwaka 2012 na 2022 watu wa Mkoa wa Kagera waliongezeka kutoka 2,458,023 hadi 2,989,299, yaani karibu asilimia 2 kwa mwaka. Kiwango hicho kikitumika kwa wilaya zote mbili, hifadhidata huulizwa hivi:

SELECT wilaya, watu * EXP(0.02 * 10) FROM sensa;

EXP huipandisha namba e kwenye kipeo kilichomo katika mabano. Hapa kipeo ni 0.2, na jibu lake ni 1.2214. Makisio ya mwaka 2022 basi ni watu 405,530 Karagwe na 392,102 Kyerwa.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, alama ^ haina maana moja kila mahali: 2^10 katika PostgreSQL ni 1,024, lakini katika MySQL alama hiyo hulinganisha tarakimu za mfumo wa mbili, na jibu ni 8. Pili, mtu akiandika EXP(2/100 * 10) katika PostgreSQL, namba nzima 2 ikigawanywa kwa 100 hutoa 0. EXP(0) ni 1. Hivyo haongezeki hata mtu mmoja, na kompyuta haitoi onyo. Atakayeliamini jibu hilo atawajengea watoto wa 2022 madarasa ya 2012.

Kanuni yenyewe pia ina mpaka. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa ghafla. Ongezeko la namna hiyo halifuati kipeo.

Zoezi: Kwa kiwango cha asilimia 2, idadi huongezeka maradufu baada ya miaka mingapi? (Jibu: LN(2) / 0.02, karibu miaka 35.)