Jicho Linalolia Huenda Ndilo Kavu: Vidokezo 6 vya Kiangazi Mwanhuzi

Kiangazi kikishika Mwanhuzi, wilayani Meatu, vumbi halipigi hodi. Mabua ya pamba yameshang'olewa, mashamba yako wazi, na upepo wa Meatu unajipitia utakavyo. Macho yanakwaruza kama yana mchanga, kisha yanabubujika. Kabla hujasema "vumbi tu hilo", soma kwanza.

1. Machozi yasikudanganye. Jicho likikauka, neva hupeleka taarifa na tezi hufungulia maji ya dharura. Hayo ni mepesi, hayakai; yanateremka shavuni na kuliacha jicho na kiu yake.

2. Lijue chozi lako. Lina sehemu 3: ute unaolishikiza jichoni, maji, na mafuta juu yake. Mafuta hutoka kwenye vitezi vya ukingoni mwa kope, nayo huzuia maji yasiende na hewa. Vitezi vikiziba, maji hukauka, chumvi hubaki imekolea, jicho huvimba, na uvimbe huo huzidisha ukavu. Fumba macho, weka kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, mafuta yatalainika.

3. Pepesa. Kwa kawaida tunapepesa mara 15 hivi kwa dakika. Ukikodolea simu unapepesa mara chache zaidi, na kila kupepesa ndiko kunakopaka chozi upya.

4. Ziba upepo, kimbia moshi. Dereva wa bodaboda, shusha kioo cha helmeti. Abiria, vaa miwani. Na mafiga yakae penye hewa: moshi wa kuni nao unachokoza macho.

5. Angalia sahani. Vitamini A hulinda seli zinazotengeneza ute. Michembe ya viazi vitamu vyeupe inashibisha, lakini vitamini hiyo haina. Panda viazi lishe vya rangi ya chungwa, na ukivikausha tafuta kivuli, maana jua kali huipunguza. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 asikose matone yake ya vitamini A, mara 2 kwa mwaka.

6. Dawa ya jirani muachie jirani. Matone yenye steroidi hupoza haraka, lakini ukiyatumia kiholela yanaweza kukuletea presha ya macho. Hata baadhi ya vidonge vya mzio hupunguza machozi. Sababu nazo hazifanani: kwa bibi huenda ni umri, kwa mama, kukoma hedhi, kwa mwingine, makovu ya vikope vya utotoni, kope zikageukia ndani na kuchoma jicho. Ukiona hilo, au maumivu makali, au uoni unafifia, nenda hospitali ya wilaya. Na ukifika usiseme tu "natokwa machozi". Sema pia macho yanakwaruza.