Jina Montgomery: Funzo kwa Mtafiti wa Majina ya Mahali

Aghalabu mtafiti wa majina ya mahali huanza kwa kuuliza maana ya jina. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo pekee halitoshi. Sharti tuulize pia ni nani aliyelitoa jina, lini na kwa mamlaka gani. Tutatumia mfano wa jina Montgomery.

Asili ya jina hili ni Normandy, Ufaransa. Sehemu yake ya kwanza ina maana ya mlima. Ya pili inatokana na jina la mtu lenye asili ya Kijerumani. Kabaila Roger de Montgomery alijulikana kwa jina la mahali ukoo wake ulikotoka. William alipoiteka Uingereza mwaka wa 1066, Roger alituzwa ardhi tele, akajenga ngome mpakani mwa Wales, nayo ikaitwa Montgomery. Hivyo, jina lilitoka mahali, likawa la ukoo, kisha likawa la mahali pengine. Mwaka wa 1102 mwanawe, Robert, alimwasi Mfalme Henry I, na ukoo ukapokonywa ardhi yake ya Uingereza. Jina, hata hivyo, lilisalia.

Wasemaji wa Kiwelisi huuita mji huo huo Trefaldwyn. Msomaji angedhani kuwa hilo ndilo jina asilia la wenyeji. La hasha! Maana yake ni 'mji wa Baldwin', naye Baldwin alikuwa bwana mwingine wa Kinormani, aliyepewa eneo hilo baada ya ukoo wa Roger kuanguka. Kwa hiyo, jina kuwa katika lugha ya wenyeji si ithibati kwamba ni kongwe kuliko la mgeni.

Katika karne ya 19, wakoloni Waingereza waliuita Montgomery mji mmoja wa Punjab, ulio Pakistan hivi leo, kwa heshima ya mtawala wao, Robert Montgomery. Katika miaka ya 1960, baada ya uhuru, mji huo ulirejea kuitwa Sahiwal, jina wanalolijua wafugaji wetu wa Kenya kutokana na ng'ombe wenye asili ya huko.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayekusanya majina ya mahali kwao asitosheke na tafsiri. Aandike pia majina yaliyotangulia, waliyoyatoa na nyakati zake. Bila hayo, huenda akamsifu Baldwin akidhani anawasifu wenyeji.