SOMO LETU: GUGU LIKIWA ZAO



Muhogo ukipandwa konde lile lile kila mwaka, ardhi huchoka. Wazee wetu waliliacha konde lipumzike, wakahamia jingine. Leo Pemba watu ni wengi na makonde ni madogo. Hatuna pa kuhamia. Dawa ni kubadilisha mazao. Lakini tukiwa na mazao mawili matatu tu, tutabadilisha nini?

Tukumbuke kwamba kila zao lilianza porini. Uwele ulikuwa nyasi za ukingoni mwa Sahara, Afrika ya Magharibi, na punje zake zilipukutika zenyewe. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita wakulima wa huko walipanda punje zilizobaki kwenye shuke, msimu baada ya msimu, hata ukawa nafaka. Ukafika kwetu: wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta Tumbe punje zake zilizoungua, za kati ya karne ya 7 na ya 10. Baadaye, huko Chwaka, mpunga ukauzidi. Basi zao jipya si jambo geni kisiwani.

Tutazame mnavu, ambao tunaupalilia kama gugu, na siku nyingine tunauchuma kwa mboga. Kituo cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa Arusha mwaka 1992 kimechagua mbegu za mnavu wenye majani mapana. Nasi tunaweza kuchagua:

1. Tutie alama miche michache yenye majani mengi na inayochelewa kutoa maua. Hiyo tusiichume.
2. Matunda yakiiva, tukamue mbegu, tuzioshe, tuzianike kivulini.
3. Tuzipande peke yake, tuchague tena. Msimu mmoja hautoshi.

Mnavu ni jamaa ya nyanya, bilingani na pilipili. Mnyauko unaokaa udongoni huwapata wote, kwa hiyo usifuate baada yao. Zitangulie kunde, kwani vifundo vya mizizi yake vina vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Kisha mnavu, kisha muhogo.

Tahadhari: matunda mabichi ya mnavu yana sumu. Na mmea tusioujua tusiule.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Ni mboga gani nyingine ya porini, kama mchunga, inayofaa kujaribiwa?
(b) Katika nyumba yetu, nani atatunza mbegu?