IKIWA IMEKWISHA ANDIKWA, KWA NINI NICHAGUE?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu hadi Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Kila aliyeitwa kupata chanjo ilibidi achague, naye hajui kesho yake. Wakati kama huo mtu husema: "Kama kifo changu kimeandikwa, nitakufa tu. Chanjo ya nini?" Kuamini Kadari ni nguzo ya sita ya imani. Je, maneno hayo ndiyo imani yenyewe? Tuangalie.

1. TUMEFICHWA KESHO
Sura Luqman (31), aya ya 34, inatufundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho, wala itafia nchi gani. Basi anayesema "imeandikwa nitakufa" ameisoma wapi? Allah anajua, wewe hujui. Na katika kutojua kwako ndimo mlimo uchaguzi wako. Njia unayoipita kila siku, miguu hukupeleka yenyewe huku unawaza mengine. Ukikuta daraja limevunjika, hapo unasimama, unaamka, unapima: nipite wapi? Shaka ndiyo iliyoiamsha akili yako.

2. SAYYIDNA OMAR NA TAUNI
Khalifa Omar bin Khattab (r.a.) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, wote wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakamshauri arudi. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Omar akajibu kuwa anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampa mfano wa mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume (s.a.w.): tusiingie nchi yenye tauni, wala tusiikimbie tukiwa ndani yake. Angalia, ndugu: Omar aliamua kabla hajaisikia hadithi hiyo. Alishauriana, akapima, akatenda.

3. MAKUNDI MAWILI YALIYOPOTEA
Jabriyya walisema binadamu ni kama unyoya katika upepo, hana hiari. Kadariyya walisema matendo yake yako nje ya kadari ya Allah. Imamu Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 wa Hijra, alifundisha njia ya kati: Allah ndiye Muumba wa tendo, na mja ndiye anayelichuma. Kwa hiyo ataulizwa.

4. BAHATI SI HIARI
Mwaka 1927 Mjerumani Werner Heisenberg alionyesha kwamba kwa vitu vidogo kabisa, kama elektroni, haiwezekani kujua kwa usahihi kamili mahali kilipo na mwendo wake kwa pamoja. Wako waliosema hapo ndipo hiari ya binadamu inapotokea. Lakini fikiri: sarafu iliyorushwa juu haijulikani itaangukaje, na bado haichagui kitu. Kutojulikana peke yake si hiari. Hiari ni ya mwenye nia, na kwa nia yake atahesabiwa.

5. TUFANYE NINI?
Kama tungeijua kesho, shura ingekuwa ya nini, na istikhara ya nini? Mambo haya mawili tumepewa kwa sababu hatujui. Basi ukiwa na jambo zito, ugonjwa, ndoa, safari au deni, uliza wenye elimu, swali rakaa mbili, kisha amua na umtegemee Allah. Likikupata la kukupata baada ya hapo, sema: ni kadari yake, nawe utulie. Kadari ni faraja kwa yaliyopita. Usiifanye kisingizio kwa yajayo. Mzazi aliyemnyima mtoto wake dawa asiseme "imeandikwa" kabla ya kujiuliza yeye mwenyewe amechuma nini.

Ewe Mola, tuongoze katika tusiyoyajua. Amin.

Wa billahi tawfik. Wassalaam alaykum.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe chini, ukimaliza, mpe jirani asome.)