Mdogo Wangu, Mkasi Usikutishe

Mdogo wangu mmoja anayeishi Uingereza ameniuliza jambo ambalo najua wengi mnalo moyoni. Ameona vifurushi vya nguo za kushona nyumbani, vya mtindo wa miaka ya 1970: ndani mna kitambaa, uzi, zipu na maelezo, na kazi yako ni kukata na kuunga. Anatamani gauni la mwanawe. Lakini hajawahi kushona kitu zaidi ya kifungo, na mashoga zake wanamwambia anakwenda kutupa hela. Nifanye nini, dada?

Nunua, mpenzi. Sikuzungushi. Ila kaa hapa kwanza nikueleze unanunua nini hasa.

Vifurushi hivyo vina kwao. Mwaka 1968, katika mji wa Lewes kusini mwa Uingereza, Anne Kennedy alianzisha Clothkits. Kabla yake mshonaji wa nyumbani alitegemea violezo vya karatasi, kama vile alivyoanza kuviuza Ebenezer Butterick, fundi wa Massachusetts, mwaka 1863. Unanunua karatasi, unatafuta kitambaa mwenyewe, unaitandika juu yake, unabana pini, unachora, halafu mkono unaanza kutetemeka. Kennedy aliiondoa karatasi. Mistari ya kukatia ilichapwa kwenye kitambaa chenyewe. Unakikunjua mezani unaona upande wa mbele, upande wa nyuma na mfuko, kila kipande kimechorwa mahali pake na saizi yake. Na kwa kuwa nakshi na gauni vilichorwa pamoja, ua la pindoni linaangukia pindoni, halikatwi nusu kwenye mshono. Hilo kwa kitambaa cha kawaida huwasumbua hata waliozoea.

Nguo za dukani ziliposhuka bei, wengi waliacha kushona, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Clothkits ikanyamaza. Mwaka 2008 Kay Mawer akaifufua huko Chichester. Tangu hapo hamu imeongezeka. Kampuni za violezo zimerudisha magauni ya miaka ya 1950, na mwaka 2013 BBC ikaanza kuonyesha mashindano ya kushona ambayo watu waliyapenda sana.

Sasa tuje kwenye hela. Hapo mashoga zako wako sahihi: gauni la dukani litakuwa nafuu, na la mtumba nafuu zaidi. Ukinunua kifurushi ili kubana matumizi, utakasirika. Unachonunua ni somo. Kinachowashinda wengi katika kushona si cherehani, ni ile dakika ya kuingiza mkasi kwenye kitambaa kizima, kwa sababu kikiharibika kimeharibika. Kifurushi kinakushika mkono dakika hiyo. Baada ya magauni mawili matatu utatazama kitambaa chochote na kuona mistari ambayo haijachorwa.

Kabla ya kuagiza, chukua futi umpime mtoto: kifua, kiuno, na urefu kutoka shingoni hadi unapotaka pindo liishie. Mpime amevaa nguo nyepesi, asimame wima, asivute pumzi. Usiende kwa umri ulioandikwa, wala kwa namba ya gauni alilovaa sikukuu. Akiwa kati ya saizi mbili, shona kubwa.

Na wewe unayetaka kujishonea gauni la miaka ya 1950, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo dada zangu wengi huvunjika moyo. Namba za zamani si namba za leo. Katika violezo vingi vya Kimarekani vya mwanzoni mwa miaka ya 1950, namba 12 ilikuwa ya mwanamke mwenye kifua cha inchi 30. Tangu 1968 namba hiyohiyo ni ya inchi 34. Ndiyo maana unaweza kuvaa 12 dukani na kiolezo kikakutaka uchukue 16. Usilie, na usishone mwili unaotarajia kuwa nao mwakani. Shona huu wa leo. Nguo inayokukaa vizuri haina mtu anayeisoma namba.

Angalia pia kama nafasi ya mshono imeshawekwa. Violezo vingi vya Kimarekani vina sentimita 1.5 tayari ndani yake; vya jarida la Burda la Ujerumani kwa kawaida havina, unaongeza mwenyewe. Ukisahau, gauni linatoka dogo.

Ukishakata, piga bandi kwanza kwa sindano ya mkono, hasa zipu. Uzi mrefu wa rangi nyingine, hatua kubwakubwa, umjaribishe mtoto, ndipo upitishe cherehani. Halafu washa pasi na usiizime. Kila mshono ukiisha, ufungue na uupige pasi kabla mshono mwingine haujaukatiza. Nguo nyingi za nyumbani zinazoonekana za nyumbani zimeshonwa sawasawa. Hazikupigwa pasi tu.

Wadogo zangu mlioko Tanga, Mombasa, Bujumbura, ninyi ushauri wangu ni mwingine. Msiagize. Nauli na ushuru vitawaumiza, na mnacho kilicho bora. Vifurushi vile viliwafaa watu ambao hawana fundi kwenye kona ya mtaa. Wewe unaye, na anajua kwa macho yale ambayo Clothkits iliyachapa kwa rangi. Basi nunua doti ya khanga, umpelekee, umwambie hivi: nikatie tu, nitashona mwenyewe. Akuachie sentimita 1.5 za mshono, akuchoree mstari kwa chaki, akuwekee alama mkono unapokutana na bega. Mwombe alielekeze pindo la khanga liwe ndilo pindo la gauni, ili usihangaike kulikunja. Na umlipe vizuri. Kukata ndiyo akili ya kazi yake, si jambo la kuombwa bure kwa sababu ni dakika chache. Kaa pembeni umtazame anavyotandika kitambaa na anavyokikunja kabla ya kugusa mkasi. Ukirudi mara ya pili muulize kwa nini kwapa linakatwa vile. Wengi watafurahi kuulizwa.

Khanga ioshe kwanza, maana pamba hurudi, na nyeusi na nyekundu zinaweza kuchuja. Wewe wa Uingereza soma maelezo ya kifurushi kuhusu kuosha kabla hujakata, maana kitambaa kilichokwisha kuchorwa kikirudi kinarudi na saizi yake.

Gauni la mtoto lisilo na mikono linatosha kuanzia. Usianze na kola, wala na gauni la harusi ya ndugu yako. Agiza wiki hii, mdogo wangu, na ukikwama kwenye zipu niandikie, nitakujibu hapahapa.